Ganzi Inayokuja na Kuondoka: Maswali Yenu Kuhusu MS

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao hospitalini huitwa kwa kifupi MS. Wengi walioandika wamelikuta jina hilo kwenye karatasi ya majibu ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku), au wamelisikia kwa ndugu aliyeko ughaibuni, na hawajapata mtu wa kukaa nao awafafanulie. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Shikamoo daktari. Nina miaka 27. Mwaka jana jicho la kulia liliniuma kila nilipoligeuza, kisha kwa siku tatu hivi nuru ikapungua mpaka nikawa naona ukungu mtupu. Baada ya wiki tano likarudi lenyewe. Mwaka huu nikapata ganzi kuanzia kitovuni hadi nyayoni, ikanikaa wiki tatu. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, kwa sababu ugonjwa wa kawaida hauruki kutoka jichoni kwenda miguuni. Daktari wa mwisho ametaja MS. Jicho na miguu vinahusianaje?
*Msomaji, Tanga*

Marahaba. Mama mkwe kaona sawasawa kwamba ugonjwa unaruka. Amekosea kwenye sababu tu. Kuruka huko ndiko kunakowafanya madaktari waifikirie MS.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia mielini, yaani utando wa mafuta unaovika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho (neva inayopeleka ujumbe wa kuona ubongoni). Uzi mnene uliovikwa vizuri hupeleka ujumbe kwa kasi inayokaribia mita 100 kwa sekunde. Uzi usiovikwa hupeleka kwa mita moja au mbili tu. Pale utando ulipobanduka ujumbe huchelewa, hukatika, au huzaa hisia za uongo: kuchomachoma, kuungua, maji kutiririka juu ya ngozi kavu, au kubanwa kifuani kama umefungwa mkanda. Kidonda kikiwa kwenye mshipa wa jicho, nuru hupungua. Kikiwa kwenye uti wa mgongo sehemu ya kifua, ganzi huanza tumboni na kushuka. Vidonda ni viwili, ugonjwa ni mmoja.

Kitu cha kwanza tunachokiangalia ni muda. Dalili za MS hupanda kwa saa na siku, hufika kileleni ndani ya wiki moja au mbili, kisha hupungua polepole kwa wiki au miezi. Dalili iliyokuja kwa sekunde au dakika (mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama) ihesabiwe kuwa kiharusi mpaka ithibitike vingine, na mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Ganzi ya mkono inayoisha dakika tano baada ya kuamka mara nyingi ni mkono uliolaliwa. Ili tuseme ni shambulio la MS, dalili lazima idumu saa 24 au zaidi, mgonjwa asiwe na homa wala maambukizi, na ziwe zimepita angalau siku 30 tangu shambulio lililotangulia. Kwa hiyo chukua daftari uandike: tarehe dalili ilipoanza, ilichukua siku ngapi kufika kileleni, iliisha lini, na ni upande gani. Karatasi hiyo humsaidia daktari wa neva kuliko bahasha nene ya vipimo visivyo na tarehe.

Jicho lililopona huacha alama unayoweza kuipima nyumbani. Chukua kifuniko chekundu cha chupa ya soda, kitazame kwa jicho moja huku lingine umelifunika, kisha badilisha. Ikiwa wekundu unaonekana umepauka kwenye jicho lililougua, hata kama herufi unazisoma vizuri, mweleze daktari. Mshipa ulioumia hupoteza rangi nyekundu mapema na huchelewa kuirudisha.

Vipimo sasa. Omba MRI ya ubongo na ya uti wa mgongo wote, pamoja na dawa ya gadolinia inayodungwa mshipani. Kidonda kipya hung'aa kwa dawa hiyo kwa wiki chache. Cha zamani haking'ai. Vikionekana vyote pamoja kwenye picha moja, ni ushahidi kwamba ugonjwa umepiga zaidi ya mara moja, na hicho ndicho daktari anachokitafuta: vidonda mahali tofauti, kwa nyakati tofauti. Utaratibu huo huitwa vigezo vya McDonald, ulitoka mwaka 2001 na umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo.

Huenda ukaambiwa pia utolewe maji ya mgongo. Watu huogopa kupooza. Uti wenyewe unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano inaingia chini ya hapo, kwa kawaida kati ya ya tatu na ya nne. Shida inayowapata wengi ni kichwa kuuma kwa siku chache, hasa wakikaa au kusimama. Hakikisha damu nayo inachukuliwa siku hiyohiyo, kwa sababu maabara hulinganisha protini za kinga kwenye maji na kwenye damu. Maji peke yake hayatoi jibu.

Kuna jambo ambalo kwetu Afrika Mashariki halifai kurukwa. MS ipo hapa lakini ni adimu kuliko kaskazini mwa Ulaya, na yapo magonjwa yanayoiiga. Upungufu wa vitamini B12, VVU, kaswende na kifua kikuu cha mgongo vyote vinaweza kuleta ganzi au udhaifu wa miguu, na vyote vina matibabu yake. Kisha kuna neuromaielitisi optika, NMO kwa kifupi, ambayo nayo hupiga macho na uti wa mgongo na huwapata watu wenye asili ya Afrika na Asia kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu. Ishara zake: macho yote mawili kupata giza kwa pamoja, kidonda kirefu kinachofunika pingili tatu au zaidi za uti, au kwikwi na kutapika kwa siku nyingi bila tumbo kuwa na kosa. Damu ipimwe kingamwili za akwaporini-4, ambazo wengi wenye NMO wanazo, na sampuli ichukuliwe kabla ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) ikiwezekana. Si suala la jina tu: baadhi ya dawa za MS, kama interferoni, huizidisha NMO.

Nikiinamisha kidevu kifuani, shoti ya umeme inashuka mgongoni mpaka miguuni. Inadumu sekunde mbili. Kwa hesabu yenu ya saa 24, basi hii si kitu?
*Mwalimu, Nakuru*

Ni kitu. Kila shoti hupita kwa sekunde, lakini ikiwa inajirudia kila unapoinama, siku baada ya siku, hesabu ya saa 24 inaihusu hali nzima wala si shoti moja. Inaashiria kidonda kwenye uti sehemu ya shingo: ukiinama uti unavutika, na nyuzi zilizobanduka utando zinajiwasha zenyewe. Lakini pingili ya shingo iliyotokeza na upungufu wa B12 huleta shoti ileile. Ikiwa unameza metfomini au omeprazoli kwa miaka mingi, au huli nyama, mayai wala maziwa, anza na kipimo cha B12 kabla ya kutumia fedha za MRI. Na usiende kunyooshwa shingo kwa mkono wa mtu yeyote kabla haijapigwa picha.

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Pemba, nafanya kazi Muscat, na MS yangu iligunduliwa huku. Kila nikitembea juani dakika kumi jicho linaingia giza na mguu wa kushoto unakuwa mzito. Nikikaa kwenye kiyoyozi nusu saa vinarudi. Kila siku ninapata shambulio jipya? Na je, Ramadhani nifunge?
*Msomaji, Muscat*

Wa alaykum salaam. Hayo si mashambulio, na joto halikuongezei vidonda. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliieleza hali hii mwaka 1890 kwa wagonjwa waliofifiwa na macho baada ya kufanya mazoezi. Uzi uliobanduka utando unapitisha ujumbe kwa shida hata mwili ukiwa baridi. Joto la ndani likipanda hata nusu nyuzi, vijilango vya chumvi kwenye uzi hufunga mapema na ujumbe hukatika. Mwili ukipoa, njia hufunguka. Kabla MRI haijaenea, madaktari walikuwa wakimtumbukiza mgonjwa kwenye maji ya moto ili dalili zilizojificha zijitokeze. Kipimo hicho kimeachwa, na hakuna sababu ya wewe kujipima hivyo kwa mguu barabarani.

Poza mwili kabla ya kutoka, usingoje uzidiwe. Oga maji ya baridi ya wastani kwa dakika 15 hadi 20, kunywa maji ya barafu kidogokidogo, vaa kitambaa kilicholowa shingoni. Zipo fulana zenye mifuko ya barafu, na kwa kazi ya nje Muscat mwezi wa sita zinastahili bei yake. Maji ya kuoga ya moto sana na sauna achana navyo. Wapo walioshindwa kutoka wenyewe. Kama dalili haikuondoka baada ya kupoa, au imevuka siku nzima, hapo mpigie daktari.

Kufunga: mwenye MS iliyotulia na asiye na udhaifu mkubwa mara nyingi huweza, lakini uamuzi ufanywe na daktari anayeijua hali yako, wiki kadhaa kabla ya mwezi. Linalowaharibia wengi ni ratiba ya dawa. Baklofeni, ile ya kulegeza misuli iliyokakamaa, humezwa mara tatu kwa siku. Ukiikata ghafla kwa sababu ya swaumu unaweza kupata degedege na kuona vitu visivyokuwapo. Inapunguzwa kwa hatua au ratiba inapangwa upya.

Mke wangu alitundikiwa dripu ya steroidi siku tatu akapata nafuu kubwa. Dawa ikaisha. Jirani mwenye duka la dawa anasema nimnunulie prednisoloni ya vidonge aendelee taratibu, ni rahisi. Nifanye hivyo?
*Msomaji, Dodoma*

Usifanye. Dripu aliyopewa, kwa kawaida methilprednisoloni gramu 1 kwa siku kwa siku 3 hadi 5, kazi yake ni kuzima moto wa shambulio ili apone haraka. Haibadilishi sana mahali atakapofika baada ya miezi sita, na haizuii shambulio lijalo. Vidonge vya dozi ndogo havimlindi pia. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1992 liliwagawa wagonjwa wenye uvimbe wa mshipa wa jicho, na waliopewa prednisoni ya vidonge peke yake kwa dozi ya kawaida ndio ambao macho yao yalirudia kuugua zaidi. Ukimmezesha miezi, utamwongezea sukari, presha na mifupa kuwa myepesi. (Mambo yangekuwa tofauti kama angekuwa na NMO, ambako steroidi za muda mrefu zina nafasi. Ndiyo maana tunasisitiza kipimo cha akwaporini.)

Hata ile dripu ya siku chache ina maandalizi yake. Kwanza mkojo upimwe: maambukizi ya mkojo hufufua dalili za zamani na kujifanya shambulio, na hapo antibayotiki ndiyo tiba. Pili apimwe sukari na aulizwe kuhusu kifua kikuu. Tatu, minyoo ya strongiloidesi, ambayo huishi mwilini kimya kwa miaka, inaweza kulipuka chini ya steroidi na kuua. Kwa mtu aliyekulia mahali pa kutembea peku shambani, daktari huona bora kuitafuta au kuitibu mapema.

Anachohitaji mkeo sasa ni dawa ya kuzuia mashambulio yajayo. Ya kwanza, interferoni beta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Leo zipo zaidi ya kumi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Kwa maoni yetu rituksimabu ndiyo ya kuulizia kwanza, kwa kuwa imetumika miaka mingi kwa saratani za damu na hospitali zinazotibu saratani zinaifahamu. Hutolewa kwa dripu, mara nyingi miligramu 500 hadi 1,000 kila miezi 6, na inafanya kazi kwenye NMO pia.

Kabla ya dozi ya kwanza kuna kipimo ambacho hakina mjadala: homa ya ini B. Kirusi kilicholala kikiamshwa na dawa hii kinaweza kuliharibu ini lote. Kipimo cha HBsAg, kinachoonyesha maambukizi yaliyopo sasa, peke yake hakitoshi, kwa hiyo omba na anti-HBc, inayoonyesha kama uliwahi kuambukizwa zamani. Apimwe pia VVU na kifua kikuu, na chanjo anazozihitaji azipate kabla. Dawa ianze mapema. Utando unaweza kujirekebisha kiasi, lakini uzi wa ndani ukishakufa haurudi, na kufa huko huanza miaka ya mwanzo wakati mgonjwa bado anatembea vizuri na watu wanamwambia amepona.

Baba yangu, miaka 68, mkono unatetemeka akiwa ametulia. Nimesoma kwamba MS na Parkinson yote ni magonjwa ya neva kuharibika. Ni kitu kimoja?
*Msomaji, Kampala*

Hapana. Parkinson huua seli zinazotengeneza dopamini ndani ya ubongo, kwa kawaida baada ya miaka 60, na mtetemo wake huonekana mkono ukiwa umetulia mapajani. MS huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, kwa wanawake mara mbili au zaidi ya wanaume, na mtetemo wake hujitokeza mkono unapokifuata kikombe. Baba apelekwe kuchunguzwa Parkinson.

Nina mchumba mwenye MS. Familia yangu inauliza kama inaambukiza, na kama tukizaa watoto wataipata.
*Msomaji, Mombasa*

Haiambukizi kwa chombo, kitanda wala ndoa. Utafiti uliotoka mwaka 2022 kwa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr kulizidisha hatari ya MS mara 32. Lakini kirusi hicho karibu kila mtu mzima duniani anacho, familia yako ikiwemo, na wachache mno ndio huishia kupata MS. Uvutaji sigara, unene wa kupindukia utotoni na upungufu wa vitamini D huongeza hatari. Mtoto wa mzazi mwenye MS ana uwezekano wa asilimia 2 hadi 3.

Mimba haimdhuru kwa ugonjwa huu: mashambulio hupungua, hasa miezi mitatu ya mwisho, kisha huongezeka miezi mitatu ya mwanzo baada ya kujifungua. Kwa hiyo mpangilie msaidizi wa nyumbani kwa kipindi hicho. Ajue mapema ni dawa gani anazitumia, maana fingolimodi inaachwa miezi 2 kabla ya kushika mimba na kladribini miezi 6. Zote mbili aziache kwa mpango wa daktari, kwani fingolimodi ikikatwa bila mbadala ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo.

Naona haya kuandika. Mkojo ukinibana siwezi kungoja hata dakika, na nikienda chooni unatoka kidogo halafu baada ya nusu saa umebana tena. Nimeacha kunywa maji ili niweze kukaa ofisini.
*Msomaji, Morogoro*

Usione haya, watu wengi wenye MS hupata shida ya kibofu wakati fulani. Kunywa maji yako, lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kwani mkojo mzito hukichokoza kibofu zaidi na hukaribisha maambukizi. Punguza chai na kahawa, na jioni baada ya saa mbili usinywe sana.

Kibofu chako huenda kina matatizo mawili kwa pamoja: kinajikaza kabla hakijajaa, na mlango wake haufunguki vizuri. Ndiyo maana usinunue vidonge vya kutuliza kibofu, kama oksibutinini, kabla ya kupimwa. Kojoa, kisha ndani ya dakika chache upigwe ultrasaundi kuona kilichobaki. Kikizidi mililita 100, vidonge hivyo vinaweza kukufungia mkojo kabisa. Hapo dawa ni kujifunza kutoa mkojo mwenyewe kwa katheta, yaani mrija mwembamba, mara 4 hadi 6 kwa siku kadiri utakavyoelekezwa, kwa mikono iliyonawa kwa sabuni. Muuguzi mwenye subira humfundisha mtu kwa kikao kimoja au viwili. Kwa sasa jaribu hili: ukimaliza, simama, tembea hatua chache, kaa tena ujaribu mara ya pili. Mkojo ukigoma kabisa huku miguu inalegea kwa haraka, nenda hospitali usiku huohuo, kwani huenda kitu kinaubana uti wa mgongo.

Dada yangu mwenye MS anaishi Minneapolis, Marekani, na anadungwa okrelizumabu, dawa ya kuzuia mashambulio, kila miezi sita. Disemba anataka kuja Kenya kisha avuke kwenda Arusha. Achanjwe homa ya manjano?
*Msomaji, Eldoret*

Asichanjwe. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai, na aliyepunguziwa kinga hapaswi kuipata. Amwombe daktari wake amjazie ukurasa wa msamaha wa kiafya kwenye kile kijitabu cha njano cha kimataifa, wenye sahihi na mhuri, pamoja na barua. Bila hivyo anaweza kusumbuliwa mpakani, kwa kuwa Tanzania humuuliza cheti msafiri anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo. Kwa sababu hana kinga, ajifunike mikono na miguu, atumie dawa ya kufukuza mbu mchana pia, na amuulize daktari kama ratiba ya kuvuka ina ulazima.

Dawa ya kukinga malaria aianze kabla ya safari. Mefloquini aikwepe kama amewahi kuwa na sonona au kifafa. Akipata homa huku, dalili za zamani zitafufuka zote, mguu mzito na macho, na ndugu watadhani MS imemrudia: apewe parasetamoli, apimwe malaria na mkojo siku hiyohiyo, na steroidi zisiguswe kabla ya majibu. Dripu yake aimalize kabla ya kusafiri. Kama kuna mwenzake anayesafiri na sindano za glatirameri, zikae kwenye begi la mkononi, nyuzi 2 hadi 8, zisigusane na barafu. Nje ya friji hustahimili mwezi mmoja ikiwa joto halizidi nyuzi 30, kwa hiyo Eldoret na Arusha hazina shida kubwa, lakini akishuka Mombasa atafute friji.